Taya la Chini Linapotangulia

Hapa kwetu Usevya, kama kwingineko, mara nyingi tunagundua mtoto anapocheka: meno ya chini yamepita mbele ya yale ya juu, na kidevu kimetokeza. Wenzake humtania. Bibi husema, "Akikua yataisha." Jirani husema, "Mpeleke akapasuliwe." Tumsikilize nani?

Kwanza tujue kuwa hiyo si laana, wala si kosa la mama. Mara nyingi ni urithi. Tazama baba, babu au shangazi. Wafalme wa ukoo wa Habsburg, kule Ulaya, walirithishana taya la namna hiyo kwa karne kadhaa.

Halafu tumwangalie nyumbani. Mwambie mtoto akunje ulimi nyuma, kisha afunge meno polepole. Ikiwa meno ya mbele yanagusana ncha kwa ncha, halafu taya linateleza mbele, huenda shida iko kwenye meno zaidi kuliko mfupa, na matibabu yake ni mepesi. Hata hivyo daktari wa meno ndiye wa kuthibitisha.

Kama ni mfupa, ziko nyakati mbili. Ya kwanza ni kabla ya miaka 10. Ikiwa taya la juu ndilo lililobaki nyuma, mtaalamu anaweza kulivuta mbele kwa kifaa kinachovaliwa usoni saa nyingi kila siku, kwa miezi kadhaa. Umri huo ukipita, nafasi hiyo hupungua.

Ya pili ni ukuaji unapokoma. Taya la chini huendelea kukua hata kimo kinapokaribia kusimama: wasichana hadi miaka 16 hivi, wavulana 18 au zaidi. Akipasuliwa mapema, taya laweza kukua tena na kazi ikaharibika. Mtoto akiwa na miaka 8, hakuna awezaye kusema kwa hakika litafika wapi. Ndiyo maana madaktari hupiga eksirei ya kichwa kwa upande, wakarudia baada ya mwaka hivi, wakalinganisha.

Nauli ya kwenda Mpanda, sembuse Muhimbili, hutoka kwenye mpunga wetu. Basi tujue safari ya uchunguzi isingoje mavuno mengine. Ya upasuaji, kama itahitajika, ndiyo ya kungoja.

Katikati, kazi ni yetu. Kila miezi 6 tumsimamishe mtoto kwenye mwimo wa mlango, bila viatu, tutie alama, tuandike tarehe na kimo daftarini. Kwa binti tuandike pia mwezi alipovunja ungo. Daftari hilo litamsaidia daktari kujua ukuaji umefika wapi.

Dhihaka nayo isingoje daktari. Tuanze nyumbani: mtoto asiitwe kwa kidevu chake. Tukumbuke Samweli alivyofundishwa nyumbani kwa Yese asimpime mtu kwa sura. Aliyeachwa malishoni ndiye aliyepakwa mafuta.