Shetani Msalabani kwa masikio ya shangazi

Shangazi yangu wa Njoro hangekubali kitabu chenye jina la Shetani kiingie nyumbani mwake. Ni mama wa kanisa, ndiye huanzisha nyimbo Jumapili. Lakini macho yamemshinda, hata Biblia husomewa. Basi mjukuu wake anayesoma Nairobi akaanza kumtumia kitabu kwa WhatsApp, amekisoma mwenyewe kwa sauti, kipande kwa kipande. Shangazi alipojua jina la kitabu, alikuwa ameshanaswa. Ni Caitaani Mũtharabainĩ ya Ngũgĩ wa Thiong'o, ambayo kwa Kiswahili ni Shetani Msalabani.

Jumamosi moja nilimkuta ana ungo wa njahi mapajani, simu ameiegemeza kwenye chupa ya chai. Vidole vinachambua, masikio yako mbali. Nikanyamazishwa kwa mkono kabla hata ya salamu.

Kitabuni, Warĩĩnga, msichana aliyekulia hapa Nakuru, alikuwa akiota ile ndoto iliyomwandama tangu siku za kusali katika kanisa la Rozari Takatifu. Umati uliovaa matambara unamsulubisha Shetani. Baada ya siku tatu wanakuja waheshimiwa wenye suti na tai, wanamteremsha, kisha wanapiga magoti kumwomba awagawie ujanja wake.

Njahi zikasimama. "Hao nawajua," shangazi akasema.

Ngũgĩ aliiandika riwaya hii mwaka 1978 katika gereza la Kamiti, kwenye karatasi za chooni, akiwa kizuizini bila kushtakiwa. Alikamatwa mwisho wa 1977, wiki chache baada ya serikali kupiga marufuku Ngaahika Ndeenda, tamthilia aliyoiandika na Ngũgĩ wa Mĩriĩ na kuchezwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Humo pia yumo tajiri mcha Mungu anayemhimiza kibarua wake akafunge ndoa kanisani, huku akikimezea mate kishamba chake cha ekari moja na nusu.

Riwaya ilipotoka mwaka 1980, nakala 5,000 za kwanza ziliisha upesi, na mwaka haukwisha kabla ya kuchapishwa 15,000. Walioisikia walikuwa wengi kuliko walioinunua. Ngũgĩ mwenyewe amesimulia jinsi familia zilivyokusanyika jioni mmoja akawasomea wengine, na jinsi msomaji wa baa alivyokuwa akikatiza penye utamu glasi ikikauka, mpaka mtu amjazie. Simu ya shangazi haikuleta jambo geni.

Tena kitabu chenyewe kimeumbwa kwa ajili ya masikio. Msimulizi wake ni mpiga gĩcaandĩ, kayamba ya kibuyu ya Wakikuyu, na sehemu kubwa ya hadithi husimuliwa ndani ya matatu, abiria wakipokezana maneno. Halafu kuna pango la Ilmorog, wezi wanaposhindania nani kaiba zaidi. Kiongozi wa shughuli anafungua mashindano kwa mfano wa talanta. Nilipousoma kimya zamani, niliona dhihaka mara moja nikafungua ukurasa mwingine. Safari hii mjukuu alimpa yule bwana sauti ya mhubiri: kupanda, kushuka, kutua kabla ya neno zito. Sauti hiyo hutukuta stejini kila asubuhi kabla matatu haijajaa. Nilikuwa karibu kuitikia amina ndipo nikatambua watumwa wa mfano ule wanasifiwa kwa lipi. Macho yangu hayakuwahi kunitia katika mtego huo, na ndio mtego wenyewe ambao mnafiki hututegea: anatushika kwa mahadhi tuliyofunzwa kuyapenda utotoni.

Niliogopa kwamba shangazi angeudhika. Hakuudhika. Anajua Biblia kuliko mimi, kwa hiyo alisikia haraka kuliko mimi pale ilipopindwa, akausahihisha mfano ule kwa sauti, sura na aya. Naipenda riwaya hii zaidi tangu siku hiyo. Haimgusi anayesali, inamkamata anayeivaa sala kama koti.

Ngũgĩ alifariki tarehe 28 Mei 2025 huko Marekani, akiwa na miaka 87. Shangazi alizisikia habari redioni wakati huo, jina likampita tu. Sasa humwita "mzee wetu".

Kipande kilipokwisha aliniuliza kama Warĩĩnga atampata yule Mzee Tajiri wa Ngorika aliyemharibia masomo na kumtelekeza na mimba. Ngorika anaijua, aliwahi kuuza kabeji upande huo. Nami jibu nalijua. Nikamwambia bado vipande kumi na moja.

Akauvuta ungo karibu, akanisukumia simu. "Weka kinachofuata."