Maziwa Mabichi: Tupime Faida na Hasara Zake

Wiki hii nimeona tuzungumze juu ya maziwa mabichi. Ninayokusudia si yale ya pakiti yauzwayo dukani, bali yale yanayoletwa mlangoni alfajiri kwa baiskeli, ndani ya dumu, yangali na uvuguvugu wa ng'ombe. Wapo miongoni mwetu wanaoyamimina katika glasi wakayanywa papo hapo, na mtoto naye wakampa, kwa imani kwamba moto huua nguvu ya maziwa. Je, imani hiyo ina ukweli kiasi gani?

Tuanze na faida, maana si haki kuamua jambo kwa kusikiliza upande mmoja. Maziwa yana protini ya kujenga mwili, kalsiamu ya mifupa na meno, mafuta, na vitamini kadhaa. Hilo halina ubishi. Swali ni kama vitu hivyo hupotea jikoni. Kalsiamu ni madini, nayo haiungui kwa kuchemshwa. Protini hubadilika umbo, lakini mwili huitumia vile vile. Kinachopungua ni vitamini C na baadhi ya vitamini za kundi B. Hata hivyo, vitamini C katika maziwa ni kidogo tangu mwanzo. Chungwa moja la Muheza humpa mtoto vitamini hiyo kuliko lita nzima ya maziwa mabichi.

Wengine husema maziwa mabichi hayasumbui tumbo la mtu ambaye maziwa humletea gesi na kuharisha. Hapa pana makosa. Kinachomsumbua mtu huyo ni sukari iliyomo ndani ya maziwa, na sukari hiyo ni ile ile, yachemshwe yasichemshwe. Mtu wa namna hiyo hufaidika zaidi na mtindi, kwa sababu sehemu ya sukari imekwisha liwa na vijidudu vinavyogandisha.

Ipo hoja moja yenye uzito. Tafiti zilizofanyika Ulaya zimeonyesha kwamba watoto waliokunywa maziwa mabichi ya shambani walikuwa na pumu na mizio kidogo kuliko wenzao. Lakini watoto hao pia waliishi karibu na mifugo na mazizi, na si rahisi kujua ni kipi hasa kilichowakinga. Tena watafiti wenyewe hawakushauri watu wanywe maziwa mabichi, kwa sababu ya magonjwa yanayoweza kuwamo.

Magonjwa gani hayo? Historia ya kisiwa cha Malta inatufundisha. Huko, askari wa Uingereza walikuwa wakiugua homa isiyokwisha, inayokuja na kuondoka, ikifuatana na jasho na maumivu ya viungo. Mwaka 1887 daktari David Bruce aligundua kijidudu kinachoileta. Mwaka 1905 daktari wa Kimalta, Themistocles Zammit, akakuta kijidudu hicho kwa mbuzi waliokuwa wakikamuliwa maziwa kisiwani, mbuzi ambao kwa macho walionekana wazima kabisa. Mwaka 1906 askari wakakatazwa maziwa hayo, na homa ikapungua haraka kambini mwao. Raia walioendelea kuyanywa waliendelea kuugua.

Ugonjwa huo ndio brusela, nao tunao hapa kwetu. Huweza kusababisha mimba kuharibika, na matibabu yake huchukua wiki 6 au zaidi kwa dawa mbili pamoja. Ubaya wake ni kwamba hujificha nyuma ya jina la malaria. Kati ya mwaka 2007 na 2008 wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi walichunguzwa kwa makini. Wagonjwa 528 walikuwa wameandikiwa kwamba wana malaria. Vipimo vilithibitisha malaria kwa 14 tu. Miongoni mwa magonjwa mengine yaliyogunduliwa, brusela ilikuwamo. Fikiri, msomaji, ni watu wangapi humeza dawa za malaria mara tatu kwa mwaka, na chanzo cha homa yao ni glasi ya asubuhi!

Tena kuna kifua kikuu cha ng'ombe, ambacho kwa binadamu mara nyingi hushika matezi ya shingo au tumbo. Kuna pia vijidudu vya kuharisha vinavyotoka katika kinyesi cha ng'ombe, mikono ya mkamuaji, au maji machafu yaliyoongezwa njiani ili dumu lijae.

Najua jibu la wazee wetu: "Babu zetu waliyanywa, wakaishi miaka mingi." Ni kweli, waliosimulia waliishi. Mtoto aliyevimba shingo na kufa hakubaki kusimulia, na pengine ilisemwa karogwa. Halafu babu alikunywa maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe. Sisi wa mjini twanywa maziwa yaliyokusanywa katika mabanda mengi na kuchanganywa. Ng'ombe mmoja mgonjwa hutosha kuharibu dumu zima.

Basi tufanyeje? Tusiache maziwa. Watoto wetu wanayahitaji, na mfugaji na mchuuzi wanastahili riziki yao. Tuyachemshe. Kiwandani joto la nyuzi 72 kwa sekunde 15 tu linatosha. Jikoni hatuna kipimo, kwa hiyo yakipanda koroga, uyaache yachemke dakika moja au mbili, kisha uyafunike. Usiyachote kwa kikombe kilichotoka kupimia maziwa mabichi. Anayetaka mtindi achemshe kwanza, apoze, ndipo atie kianzio, maana kuganda peke yake hakuui vijidudu vyote.

Lakini moto nao una mipaka yake. Ng'ombe aliyechomwa sindano za dawa hutoa maziwa yenye mabaki ya dawa hizo, na kuchemsha hakuyaondoi. Hapo ni juu ya mfugaji kuyamwaga maziwa ya siku alizoagizwa na daktari wa mifugo, hata kama yanamuuma.

Tukiweka yote katika mizani, upande mmoja kuna ladha na vitamini chache ambazo chungwa laweza kutupa. Upande wa pili kuna homa ya miezi na mimba iliyoharibika. Kinachotenganisha pande hizo mbili ni mkaa wa dakika chache. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Kesho asubuhi kengele ya baiskeli ikilia, nunua maziwa yako kwa furaha, lakini sufuria itangulie glasi.