Nani Anasema kwa Niaba ya Diouana?

Katika mijadala yetu ya sinema kuna lawama moja ambayo haikosi: eti mwigizaji fulani "hakuigiza", kasimama tu kama gogo. Mtu anayetazama kwa mara ya kwanza filamu ya Ousmane Sembène wa Senegali, La Noire de... (1966), anaweza kumtupia lawama hiyo Mbissine Thérèse Diop, aliyecheza kama Diouana. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ukimya wa Diop umepangwa na mwongozaji, na kwamba ndani yake mna swali zito la usawiri: mnyonge anaposemewa, nani hasa anasema?

Kisa chenyewe ni kifupi. Diouana, msichana wa Dakar, anaajiriwa na Wafaransa kulea watoto. Kwa furaha yake anawapa zawadi ya kinyago. Wanapomchukua hadi Antibes, kusini mwa Ufaransa, yaya anageuzwa hausigeli: apike, adeki, afue. Hatimaye anajiua bafuni.

Mbele ya matajiri wake Diouana hutamka machache: ndiyo bibi, ndiyo bwana. Mengine yote ni uzungumzi nafsi; tunayasikia huku midomo yake imefungwa. Sasa, jukwaani mwigizaji hulazimika kupaza sauti na kurusha mikono ili hata aliyekaa nyuma aelewe. Kamera haihitaji hayo, kwani inamfuata mtu mpaka usoni. Sauti ikishatueleza uchungu wake, uso nao ukilia tutakuwa tumeambiwa jambo lile lile mara mbili. Kwa hiyo uigizaji wa filamu ni kazi ya shirika baina ya mwili, sauti, kamera na uhariri. Hata kile kinyago cheusi, kilichotundikwa peke yake kwenye ukuta mweupe, kinaigiza upweke wa Diouana.

Lakini kuna jambo ambalo watazamaji wengi hawalijui. Sauti ile ya moyoni si ya Diop. Ni ya Toto Bissainthe, mwigizaji na mwimbaji wa Haiti, tena inasema Kifaransa fasaha. Yaani msichana asiyejua kusoma anawaza kwa lugha ya wale wale wanaomnyanyasa! Hapo ndipo penye utata, na filamu yenyewe inatuchokoza. Barua inafika kutoka kwa mama yake. Bwana anaisoma kwa sauti, na kwa kuwa Diouana yu kimya, anashika kalamu amwandikie jibu. Diouana anaichana barua. Hataki kulishwa maneno. Je, Sembène naye hakumlisha maneno?

Kwa maoni yangu, hawa wawili hawalingani. Bwana anaandika ili mambo yaonekane shwari nyumbani kwake. Sauti ya Bissainthe inafichua yale ambayo barua ya bwana ingeyafunika. Hata hivyo, suala la lugha halifutiki kwa hoja hiyo. Nia njema ya msanii haikifanyi Kifaransa kuwa lugha ya moyo wa Diouana. Inaelekea Sembène mwenyewe alilihisi deni hilo, maana katika Mandabi (1968) wahusika wake wanasema Kiwolofu, ingawa toleo la Kifaransa nalo lilitengenezwa sambamba.

Basi mhakiki asikimbilie kumpa mwigizaji alama kabla hajachunguza mwili ni wa nani, sauti ni ya nani, na lugha imechaguliwa na nani. Tutazame mwisho wa filamu hii. Bwana amekwenda Dakar kurudisha sanduku na mshahara wa marehemu. Mama anazikataa fedha. Mtoto anavaa kile kinyago na kumfuata bwana mitaani. Hatamki neno, wala hakuna aliyemwazima sauti. Lakini bwana anageuka nyuma, anageuka tena, kisha anaharakisha kuondoka.