Je, Wajua? Kutoka Lubumbashi, Nairobi na Kinshasa Ziko Mbali Sawasawa

Je, wajua kwamba mkazi wa Lubumbashi yuko karibu zaidi na Dar es Salaam kuliko mji mkuu wa nchi yake, Kinshasa? Piga mstari ulionyooka kutoka uwanja wa ndege wa Luano: Dar es Salaam ni takriban kilomita 1,385, Kinshasa 1,550. Nairobi ni 1,540 hivi, na Johannesburg, huko kusini, ni 1,620. Wakatanga, watu wa eneo la Lubumbashi, wanaolalamika kwamba serikali iko mbali wanaweza kuitoa ramani kama shahidi.

Hiyo ni hesabu ya ndege. Mzigo unaopita chini hupanda treni hadi bandari ya Ilebo, kwenye mto Kasai, ambako reli ilifika mwaka 1928, kisha humalizia safari kwa boti. Reli ya kufika Kinshasa moja kwa moja haijajengwa mpaka leo.

Jeti ya abiria hukata zaidi ya kilomita 800 kwa saa. Mbona basi safari ya Kinshasa huchukua saa mbili na ushei? Muda wa ratiba huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka maegeshoni, na kupanda na kushuka hufanywa kwa mwendo mdogo zaidi. Viwanja vyenyewe pia vinatofautiana: Luano iko mita 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari, wakati N'djili ya Kinshasa iko mita 300 tu. Hewa ya Katanga ni nyepesi, kwa hiyo ndege hukimbia zaidi kabla ya kuinuka. Njia ya kurukia ya Luano inazidi kilomita tatu.

Je, wajua kwamba Kongo ina saa mbili tofauti? Ondoka Luano saa mbili kamili asubuhi kwa safari ya saa mbili na dakika kumi, utatua Kinshasa saa tatu na dakika kumi. Wakati wa kurudi, saa za ukutani zitadai umekaa angani saa tatu na dakika kumi. Ukipanga kikao cha simu na mtu wa Kinshasa, uliza kwanza mnafuata saa ya nani.

Na mstari ulionyooka haufuatwi kila mara. Tarehe 17 Septemba 1961 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, aliondoka Léopoldville, Kinshasa ya leo, kwenda Ndola, Zambia ya leo, kuonana na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga. Ndola iko kilomita 200 hivi tu kutoka Lubumbashi, na njia fupi, kama kilomita 1,740, ingepita juu ya Katanga, ambako kulikuwa na ndege ya kivita aina ya Fouga. Marubani wa DC-6 yake, Albertina, wakazunguka mashariki kwa upande wa Ziwa Tanganyika. Safari ambayo ingekwisha kwa saa nne hivi ikapita saa sita, na baada ya saa sita usiku ndege ikaanguka msituni karibu na Ndola. Watu wote 16 walikufa, mmoja wao siku chache baadaye hospitalini. Chanzo bado kinabishaniwa. Tangu 2015 aliyekabidhiwa jalada hilo na Umoja wa Mataifa ni Mtanzania, Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman.