Besiboli: Ulinzi wa Mpira wa Chini Huanza Miguuni

Mpira wa besiboli unapopenya katikati ya miguu ya mlinzi, watazamaji hulaumu mikono yake. Wakufunzi wazoefu hutazama miguu kwanza. Makosa mengi ya walinzi wa ndani huanza kabla mpira haujafika: mchezaji amesimama wima, amechelewa kuinama au ameusubiri mpira umfuate. Makosa hayo yanaweza kurekebishwa kwa mazoezi mafupi ya kila siku, hata katika shule isiyo na vifaa vingi.

Walinzi wa ndani ni akina nani?

Timu ya besiboli huwa na wachezaji 9 uwanjani. Wanne kati yao hulinda eneo la vituo: mmoja karibu na kituo cha kwanza, mmoja karibu na cha pili, mmoja karibu na cha tatu, na wa nne kati ya cha pili na cha tatu. Aliyewahi kucheza raunda shuleni ataelewa upesi. Mpira ukipigwa chini, mlinzi huudaka na kuurusha kituoni kabla mkimbiaji hajafika. Mkimbiaji akitanguliwa na mpira, yuko nje. Wakitoka watatu, zamu ya timu yao kupiga imekwisha.

Umbali kati ya vituo ni mita 27.4 kwa watu wazima. Katika ligi za watoto wa umri wa hadi miaka 12, kwa kawaida ni mita 18.3. Mchezaji wa kulipwa hufika kituo cha kwanza kwa sekunde nne na ushei, hivyo mpira ukimponyoka mlinzi mara moja tu, nafasi imepotea.

Funzo kutoka Oakland

Mwaka wa 2015, Marcus Semien wa timu ya Oakland Athletics nchini Marekani alifanya makosa 35 ya ulinzi, mengi kuliko mchezaji mwingine yeyote wa ligi kuu msimu huo. Timu haikumwondoa katika nafasi yake. Mwezi wa Mei ilimrejesha mkufunzi Ron Washington, aliyewahi kufunza walinzi wa timu hiyo miaka ya awali.

Washington anajulikana kwa mazoezi madogo. Mchezaji hupiga magoti, akiwa na glovu ndogo iliyo bapa, kisha hurushiwa mipira ya karibu, mmoja baada ya mwingine. Mikono ikizoea, husimama na kuongeza hatua za miguu. Mwaka wa 2016 makosa ya Semien yalishuka hadi 21. Mwaka wa 2021, akilinda kituo cha pili katika timu ya Toronto Blue Jays, alishinda Glovu ya Dhahabu, tuzo ya walinzi bora.

Hatua nne za kufunza

1. Kujiandaa. Miguu ipanuliwe kupita mabega, magoti yakunjwe na uzito uwe mbele ya nyayo. Mpira unapomkaribia mpigaji, mlinzi apige hatua ndogo ili asikutwe ameganda.

2. Kuufuata mpira. Mlinzi asogee kuuchagua mdundo. Mpira ni rahisi kudaka unapoanza tu kuinuka kutoka ardhini, au ukiwa juu kabisa ya mdundo. Mgumu ni ule wa katikati.

3. Glovu chini. Glovu iguse ardhi kabla mpira haujafika, kwa sababu kuinua mkono ni rahisi kuliko kuushusha ghafla. Mpira udakwe mbele ya mwili, si chini ya tumbo, ili macho yauone pamoja na glovu. Mkono wa pili ukae juu kama kifuniko.

4. Kurusha. Mpira uvutwe tumboni, miguu igeuke kuelekea shabaha, ndipo mkono urushe. Vidole vikikatiza mishono ya mpira, mpira huenda moja kwa moja.

Vifaa vikikosekana

Kandambili kuukuu ikivaliwa mkononi hufanya kazi ya glovu bapa: haiwezi kuushika mpira peke yake, hivyo humlazimu mtoto kutumia mikono miwili. Mpira wa tenisi na ukuta humtosha anayefanya mazoezi peke yake. Upo pia mchezo wa Baseball5, wa timu za watu watano, unaochezwa kwa mpira wa raba bila glovu wala gongo. Uwanja wake una vituo vilivyoachana kwa mita 13, kwa hiyo sehemu ndogo ya uwanja wa shule inatosha.

Usalama na hofu

Mpira wa besiboli una uzito wa karibu gramu 145 na ni mgumu. Kabla ya mazoezi, mawe yaokotwe na mashimo yafukiwe, maana mpira ukigonga jiwe huruka usoni. Wanaoanza watumie mpira laini. Mtoto aliyewahi kuumia hugeuza kichwa, na akigeuza kichwa haoni mpira, hivyo huwa katika hatari zaidi ya kugongwa tena. Kumfokea humwongezea hofu. Kumrudisha kwenye mipira ya polepole humrejeshea imani.

Dakika 10 kila siku hufaa kuliko saa mbili Jumamosi, kwani miguu ikichoka mchezaji husimama wima na kurudia kosa lile lile. Mkufunzi awe na daftari: kila kosa aandike chanzo chake, iwe ni miguu, glovu au kurusha. Baada ya wiki mbili, daftari hilo litamwonyesha kila mchezaji anahitaji zoezi gani.