Bomba Kubwa Si Nguvu Kubwa

Siku yoyote hapa Sultan Hamud, kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, utasikia gari dogo likinguruma kama simba. Ukichungulia nyuma, utaona ekzosi pana kama kikombe cha uji. Mwenyewe atakuambia, "Hii sasa ina nguvu!" Je, ni kweli?

Hebu tutazame kazi ya ekzosi. Petroli ikishaungua ndani ya silinda, pistoni husukuma moshi nje kupitia vali. Moshi huo hautoki mfululizo kama maji ya mfereji, bali kwa mapigo, kama mtu anayekohoa. Kila pigo likienda mbio ndani ya bomba, huacha upungufu wa hewa nyuma yake. Upungufu huo huvuta masalio ya moshi silindani, na hewa safi hupata nafasi ya kuingia. Hapo ndipo nguvu huzaliwa.

Bomba likiwa jembamba mno, moshi hubanwa, na injini hupoteza nguvu kuusukuma. Likiwa pana mno, moshi hupunguza mwendo, hupoa, na ule mvuto hudhoofika. Watu wengine husema injini inahitaji kubanwa kidogo ndipo ifanye kazi. La hasha! Haihitaji kubanwa, inahitaji moshi uende kasi.

Sasa tutumie hesabu ya darasani. Eneo la duara ni 22/7 mara nusu-kipenyo mara nusu-kipenyo. Ukitoa bomba la inchi 1.75 na kuweka la inchi 2.5, unaweza kudhani umeongeza kidogo tu. Kumbe nafasi imekuwa mara mbili! Moshi ni ule ule, kwa hivyo mwendo wake hushuka hadi nusu.

Mafundi wa magari ya mbio wana kadirio lao: inchi mraba moja ya nafasi ndani ya bomba hutosha nguvu-farasi 50 hivi. Chukua Toyota Probox ya cc 1500, gari tunalolijua sote. Injini yake ina nguvu-farasi kama 110. Gawanya kwa 50, upate inchi mraba 2.2, yaani kipenyo cha ndani cha inchi 1.7 hivi. Paipu hupimwa kwa nje, na chuma nacho kina unene wake. Basi paipu ya inchi 1.75 hadi 2 inatosha kabisa. Ya inchi 2.5 ni ya kelele tu.

Hasara yake huonekana wapi? Si kwenye tambarare, resi ikiwa juu. Huonekana mlimani, kama pale Salama, gari likiwa na abiria na mizigo, injini ikizunguka mara 2,000 au 3,000 kwa dakika. Dereva anatoka kulipita lori, anakanyaga mafuta, gari linanguruma lakini haliendi. Na mbele kuna lori lingine linateremka! Hapo kelele haiokoi mtu.

Magari ya turbo ni hadithi nyingine. Turbo huendeshwa na moshi wenyewe, kwa hivyo bomba pana baada yake husaidia. Usiige ekzosi ya Subaru ya turbo kwa gari lisilo na turbo.

Jambo la mwisho ni kona. Bomba ni pana kwa kadiri ya pale palipo pembamba zaidi. Fundi wa jua kali aliye hodari hujaza paipu mchanga mkavu kabla ya kuipasha moto na kuikunja, isije ikabonyea. Ukiona kona imebonyea, usilipe kwanza.

Joginder Singh alishinda mbio za Safari Rally mwaka 1974 na tena 1976 kwa Mitsubishi Lancer ya cc 1600. Mwaka 1974 alimwacha nyuma Björn Waldegård, aliyekuwa na Porsche 911. Injini yake haikuwa kubwa, lakini gari na dereva walielewana.

Basi ndugu zangu, mnaotaka kuwa mafundi na madereva, kumbukeni kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Pimeni kwanza, kisha ndipo mkate chuma.