Fahamu: Fundi Konde na siri ya mpangilio wa muziki

Madereva wa malori wanaosubiri foleni Malaba, na wale wanaopakiwa nyimbo kwenye flashi zao katika vibanda vya Busia kabla ya kuvuka kuelekea Tororo na Kampala, huomba benga, lingala na, kwa wenye umri, zilipendwa. Na katika zilipendwa hizo, sauti ya mwimbaji na mpiga gitaa Fundi Konde, aliyezaliwa pwani ya Kenya mwaka 1924, ina ulatifu ambao miaka haikuufifisha.

Sababu yake, kwa rai yangu, ni mpangilio. Kwa kulinganisha, huko Marekani mwimbaji Frank Sinatra alipangiwa ala na Nelson Riddle tangu mwaka 1953, na albamu yao In the Wee Small Hours, ya 1955, ni dalili bora ya fidla zinazojua kumwachia mwimbaji nafasi ya kuvuta pumzi. Fundi Konde, aliyetumikia kikosi cha burudani cha jeshi wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kisha akarekodi Nairobi chini ya mtayarishaji Peter Colmore, hakuwa na okestra kama ile, wala upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78 kwa dakika haukubeba zaidi ya takriban dakika 3. Basi gitaa lake mwenyewe likawa mpangaji, likiijibu sauti pale tu mstari ulipokoma.

Alifariki mwaka 2000. Msomaji atakaye kumjua na aanze na Majengo Siendi Tena, alisikilize gitaa kwanza.